FUNDI WA NYUMBANI: Inveta Inapokatwa kabla ya Kuwaka

Ichukuliwe nyumba ya askari polisi huko Mutaho, kaskazini ya mji wa Gitega nchini Burundi. Bwana yuko lindoni. Mama wa nyumba ataka watoto waitazame taarifa ya habari. Juu ya bati iko paneli ya jua, chini ya meza betri ya volti 12, na ukutani kontrola ya ampea 10. Imenunuliwa inveta ndogo, na nyaya zake zimefungwa kwenye kontrola, pale palipochorwa alama ya balbu. Mama abonyeza swichi. Taa nyekundu yamulika, umeme wakatika. Ajaribu tena, wakatika tena. Na televisheni yenyewe haijachomekwa bado!

"Mwanangu, mmeuziwa kibovu," asema mama mkwe.

"Huenda, mama. Lakini dukani iliwaka mbele ya macho yangu, imeshikizwa moja kwa moja kwenye betri."

Jibu hilo lina ufunguo wa jambo lote. Televisheni ya wati 40 hudai kiasi cha ampea 4 tu. Kontrola ina uwezo wa 10. Kosa basi haliko katika matumizi, bali katika nukta ile ya kwanza ya kuwasha.

Ndani ya inveta, pale umeme unapoingilia, mna kapasita kubwa. Kapasita tupu hunywa umeme kwa pupa, na kwa muda huo mfupi kontrola haiwezi kuitofautisha na nyaya zilizogusana. Kapasita za maikrofaradi 4,000 zikijazwa kufikia volti 12 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, hudai wastani wa ampea 48. Zikijazwa polepole mara kumi, hudai ampea 4.8 tu. Kontrola, kwa kujilinda, hukata. Baada ya kitambo hujaribu tena, yakuta kapasita zimekwisha kupungukiwa, yakata tena. Kontrola hiyo si mbovu. Inafanya kazi iliyowekewa.

Kabla ya kumlaumu mwenye duka, upo mtihani rahisi. Ichukuliwe balbu ya gari ya volti 12, wati 21, ile yenye uzi ndani, iungwe katikati ya waya chanya wa inveta, nayo inveta iwe imezimwa. Balbu ikimweka kisha ikafifia, kapasita zimejaa na chombo ki salama. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti, au nyaya zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Hapo kazi isimame hadi kosa lionekane.

Dawa yenyewe ni kuiondoa inveta kwenye kontrola na kuifunga kwenye betri, kwa nyaya nene na fupi, pamoja na fyuzi yake karibu na ncha chanya ya betri. Kwa inveta ya wati 300, fyuzi ya ampea 40 na waya wa milimita 10 za mraba hutosha. Wakati wa kuunganisha, waya chanya upitishwe kwanza katika rezista ya omu 10 kwa sekunde chache, ndipo ushikizwe moja kwa moja, cheche haitaruka. Hasara iko moja: kontrola haitailinda tena betri isifyonzwe mno. Ni lazima inveta iwe na kinga yake ya kujizima betri inapochoka, na hilo liulizwe dukani kabla ya kulipa.

Wako wanaotibu ugonjwa huu kwa karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi huwekwa kwa ajili ya waya. Ikikosekana, waya ndio utakaoungua, na nyumba nyingi zina dari ya mbao. Panapotakiwa fyuzi yenye kustahimili mshtuko wa kuwasha, fyuzi ndogo za kioo huuzwa kwa alama: F hukatika upesi, T husubiri kidogo. Ampea zibaki zile zile.

Mkoani Gitega kituo cha jua cha Mubuga, chenye megawati 7.5, kilianza kazi mwaka 2021, lakini mlimani wengi hutegemea betri yao wenyewe. Jioni ile, nyaya zilipohamishwa, taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. Watoto wakaambulia utabiri wa hali ya hewa.