Hujafuga nyenje? Basi usinunue kinyonga!

Wadau, leo nina dukuduku. Kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaotoa mamia ya dola kununua kinyonga, sanduku la kumwekea, taa ya joto, taa ya mionzi, hadi miti ya plastiki. Ukiwauliza atakula nini wanakujibu, "Ah, wadudu si wapo tu!"

Wapo tu? Jamani!

Wala tusiseme hayatuhusu. Kinyonga wa pembe tatu, wanayemwita wa Jackson, ni wa kwetu: kwao ni milima ya Kenya na Mlima Meru kule Arusha. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Hawaii, kisiwa cha Oahu, aliagiza vinyonga hao kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekaukiwa maji. Akawaachia bustanini wajirudishie nguvu wenyewe. Matokeo yake? Walitokomea, wakazaana, na leo wanakula konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani popote pengine duniani. Chanzo ni mtu aliyeagiza mnyama kabla hajajiandaa kumlisha.

Haya, wengine watasema wananunua nyenje dukani. Nyenje aliyeshinda siku kadhaa kwenye kopo bila chakula ni ganda tupu. Hata akishiba, mwilini ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kinyonga akila hao peke yao mifupa inalainika, taya linapinda, miguu inashindwa kubeba mwili. Mwenyewe anabaki kushangaa, "Mbona anakula kila siku?" Anakula, ndiyo. Anakufa njaa tumbo likiwa limejaa.

Kuokota wadudu bustanini nako ni kucheza kamari. Unajua jirani kapulizia dawa gani jana?

Na duka lenyewe si la kutegemea. Mwaka 2010 kirusi kilivamia mashamba ya nyenje Marekani, yakiwamo makubwa, na mengine yakafunga kabisa. Mashamba mengi yalikuwa yamejaza aina moja ya nyenje, wamebanana kwa maelfu. Ugonjwa ukiingia pale, umekwisha.

Sasa kuna ugumu gani? Tafuta ndoo kubwa yenye hewa, trei za mayai za kujifichia, na kikopo cha mchanga wenye unyevu ambamo majike watataga. Joto likifika nyuzi 30 hivi mayai huanguliwa ndani ya wiki mbili. Walishe pumba, karoti na majani mabichi, hasa siku moja au mbili kabla hawajaliwa, kisha wapake unga wa kalsiamu. Anza hayo miezi miwili kabla ya kumleta mnyama, maana nyenje nao wanahitaji muda wa kukua. Ukishindwa kuwatunza wadudu kwa miezi miwili, huyo kinyonga utamweza?

Najua utetezi wao: nyenje wananuka, madume wanapiga kelele usiku kucha. Sawa kabisa. Asiyetaka kusikia nyenje chumbani mwake afuge samaki, amwache kinyonga wetu milimani kwake.

Au nasema uongo, wadau?