Sauti ipo, kusoma hakuna: kwa nini vijana wetu wa Uvira wanaanguka kwenye mtihani wa muziki



Mwaka jana binti mmoja wa parokia yetu, aliyekuwa amepata Diplome ya Serikali, alikuja kwangu kuomba barua. Alitaka kusoma muziki katika chuo kikuu kimoja nje ya jimbo letu. Ndiye anayeongoza sauti ya pili katika kwaya ya vijana. Niliandika ukurasa mzima wa sifa, nikapiga muhuri. Akina mama wa kwaya walichanga pesa za mega, tukampiga vidio akiimba nyimbo mbili, tukaituma usiku wakati mtandao hauna watu wengi. Chuo kikampitisha katika hatua ya kwanza. Tulimshukuru Mungu mbele ya kanisa lote.

Hatua ya pili ilifanyika kwa simu, ndani ya ofisi ya kanisa. Walimtumia karatasi yenye wimbo mfupi ulioandikwa kwa noti, wakampa dakika moja autazame, kisha wakamwambia aimbe. Aliwaomba waupige kwanza kwenye kinanda ili aushike. Walimjibu kwa upole kwamba wanachopima ni kusoma. Hakuweza hata kuanza. Alipotoka aliniambia: "Baba Mchungaji, tusiseme ni mtandao. Ni mimi sikujua kusoma."

Neno hilo limenisumbua hadi leo. Barua yangu haikuwa na uongo, lakini ilisema nusu ya ukweli. Nilisifu sauti aliyopewa na Mungu, nikanyamaza juu ya kile ambacho sisi kanisa hatukumfundisha.

Mtihani unapima nini?

Vyuo vya muziki si vingi, lakini vipo. Kinshasa kuna Institut National des Arts. Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha, ambacho ni cha ndugu zetu Walutheri, kinatoa shahada ya muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Makerere, Kampala, navyo vinafundisha muziki. Kila chuo kina taratibu zake, lakini katika shule nyingi za muziki duniani mtihani wa kuingia hufanana. Mwanafunzi anaimba au anapiga nyimbo alizozitayarisha. Anasoma noti ambazo hajawahi kuziona. Anasikiliza sauti mbili au tatu na kuzitambua, au anarudia mapigo kwa makofi. Mwisho anaulizwa kwa nini anataka kusoma muziki.

Katika sehemu ya kwanza na ya tatu vijana wetu wana nguvu. Nimeona wanakwaya wa Kavimvira na Mulongwe wakisikia wimbo mpya jioni moja na kuutoa kwa sauti nne kabla ya kwenda nyumbani. Hiyo ni karama, na tusiidharau. Shida iko kwenye kusoma, na kijana asiyesoma hapiti, hata sauti yake ikiwa tamu namna gani.

Kuna wanaosema shida kubwa ni safari. Ni kweli, hali ni ngumu. Tangu mwanzo wa 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa kwa wasafiri, na barabara zikawa za hofu. Ndiyo maana vidio na simu zimekuwa mlango wa vijana wetu. Lakini mlango huo ulifunguka kwa binti yetu, na alisimama pale bila ufunguo. Vita vilitunyang'anya mengi. Hilo la kusoma noti lilikuwa mikononi mwetu.

Tumefikaje hapa?

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na kuimba kulianza pamoja na kuhubiri. Lakini kitabu ambacho waumini wetu wengi wanabeba Jumapili kina maneno tu. Muziki tuliupokea kwa sikio: kwanza kutoka kwa mwalimu, baadaye kutoka kwenye kaseti, leo kutoka kwenye simu. Kizazi kimoja kimemwimbia kingine, na hakuna aliyeona hasara.

Hasara tuliiona Desemba 2025. Vita vilipofika Uvira, maelfu ya watu wetu walivuka kwenda Burundi, na kwaya zikatawanyika. Maestro wa kwaya yetu hajarudi. Wanakwaya walioanza kurejea walijaribu kuimba nyimbo alizozitunga yeye mwenyewe. Mbili zilitoka vizuri. Ya tatu, sauti ya besi haikuwapo, kwa sababu waliokuwa wakiijua bado wako kambini. Hakuna karatasi. Wimbo uliokuwa ukituombea kwenye mazishi umebaki nusu.

Kwa hiyo jambo hili halimhusu binti mmoja anayetafuta chuo. Kanisa lisiloandika nyimbo zake linazipoteza siku watu wake wanapokimbia, na sisi tunakimbia mara nyingi.

Wengine walianzaje?

Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga wimbo ambao muziki wake leo ni wimbo wa taifa wa Tanzania. Nyimbo zake aliziandika katika daftari kwa solfa, yaani kwa herufi za do, re, mi. Alikufa mwaka 1905, lakini wimbo ulibaki, kwa kuwa uliandikwa. Solfa haihitaji karatasi ya pekee wala mashine. Inaandikwa ubaoni kwa chaki, na hata kwa ujumbe wa simu inapita. Kijana aliyezoea solfa anapanda kwenye noti za mistari mitano kama mtu anayepanda ngazi.

Mfano wa pili uko katika nchi yetu. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha orkestra ya Wakimbangu huko Kinshasa. Katika mafundisho ya imani tuna tofauti nao, lakini tukubali kujifunza. Walianza na violini chache, watu wakipokezana, na wengi wao hawakujua noti hata moja. Walijifunza jioni baada ya kazi. Leo wanapiga muziki mkubwa wa kwaya na orkestra, na dunia inawajua.

Wazee wanauliza

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia: "Mchungaji, muziki wa chuo unawapeleka watoto kwenye baa. Na atakula nini? Afadhali asomee uuguzi." Simlaumu. Pesa za familia ni chache na kazi ya muziki haina uhakika. Si kila mwanakwaya anapaswa kwenda chuo. Lakini mwenye wito na uwezo asizuiwe na uzembe wetu. Na wale wanaobaki nyumbani, kujua kusoma muziki kunawasaidia kulitumikia kanisa.

Mwingine anasema Roho Mtakatifu hahitaji noti. Namwomba asome 1 Mambo ya Nyakati 25:7-8. Daudi alipopanga huduma ya kuimba, waliohesabiwa walikuwa watu 288 waliofundishwa, na humo mwalimu na mwanafunzi wanatajwa pamoja. Roho yule yule aliyewapa sauti hakuwanyima shule.

Tufanye nini?

Kwanza, kila parokia itenge saa moja kila Jumamosi kwa solfeji, kuanzia watoto wa darasa la tano. Kusoma hakupatikani kwa wiki mbili kabla ya mtihani, kunahitaji miaka. Pili, kila kwaya iandike wimbo wake mmoja kila mwezi, sauti zote, na nakala iwekwe mahali pawili tofauti. Tatu, mwalimu wa muziki apewe posho, hata kama ni ndogo. Tunanunua vipaza sauti kwa mamia ya dola na kumwacha mwalimu arudi nyumbani kwa miguu. Nne, sisi wachungaji tuandike barua za kweli: kijana anaweza nini, na bado nini.

Binti yetu amerudi kutoka Burundi. Sasa Jumamosi saa tisa anawafundisha watoto kumi na wawili kwenye ubao wa shule ya Jumapili. Mwenyewe anajifunza kutoka kwenye kitabu alichoazima, na anawatangulia kwa ukurasa mmoja tu. Anataka kujaribu tena mwaka kesho. Wiki iliyopita ameanza na wanakwaya kuitafuta ile sauti ya besi, mstari kwa mstari, na safari hii wanaiandika.

Atakapokuja kuomba barua ya pili, nataka niwe na jambo la kuandika zaidi ya sifa. Ndugu mchungaji unayesoma haya, wewe utaandika nini kwa kijana wako?