Muthokoi Haujapotea, Tumeuonea Haya

Jumamosi iliyopita nilitembea kutoka Pipeline hadi Donholm nikitafuta sahani moja tu ya muthokoi. Vibanda saba. Chapati ndengu zipo. Ugali matumbo upo. Mahamri na mbaazi za nazi zipo, tena tamu ajabu. Muthokoi? "Hiyo ni ya matanga, brathe."

Kibanda cha nane waliuandika ubaoni. Nikaletewa mahindi magumu na maharagwe mawili matatu, yote yakinuka magadi. Nilipolalamika, msichana akacheka: "Si ni githeri tu?"

Hapana, si githeri tu. Kwetu Mwala mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke, yakapepetwa. Halafu ni sufuria, mbaazi na saa kadhaa za moto wa taratibu. Ukiharakisha, meno yatakuambia.

Watu husema chakula cha Ukambani hakiuziki mjini. Uongo mtupu. Machakos na Nairobi ni pua na mdomo, na hizo ploti za Embakasi zimejaa watu wetu. Wateja wapo. Shida ni sisi. Kijana wa Masii akipata mshahara wa kwanza anampeleka mpenzi wake kula piza. Muthokoi anaula usiku, mlango umefungwa, kutoka kwa mkebe aliopakiwa na mamake. Tumechekwa sana kwa vichekesho vya njaa ya Ukambani, mpaka tukaamini sahani yetu ni ushahidi wa umaskini.

Sasa tazama Wadominika. Kule Washington Heights, New York, wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika hupika wali kwa mbaazi, ndiyo, mbaazi hizi hizi, wao wanaziita guandules, na wanauza mchana kweupe bila kuomba radhi. Mmea wenyewe haukuanzia kwao. Ulivushwa bahari enzi za biashara ya watumwa. Wao wameupa meza. Sisi tunaoulima tunauficha.

Na hili si suala la ulimi pekee. Mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki ni India. Mwaka wa 2017 India ilipoweka kikomo kwa mbaazi za kutoka nje, bei huku kwetu ikaanguka. Yaani mtu aliye Delhi anatia sahihi, na mkulima ambaye hajawahi kumwona anakosa karo. Sahani za Pipeline haziwezi kuziba pengo la India, najua. Lakini mkulima mwenye mnunuzi wa pili, tena wa karibu, hauzi kwa kuogopa.

Utaniambia muthokoi unakula moto mwingi. Kweli. Matumbo je? Githeri je? Mama wa kibanda huvichemsha asubuhi nzima kwa makaa kwa sababu anajua saa saba utakuja kuviuliza.

Basi kesho ukiingia kibandani usiulize, "Kuna nini?" Sema unataka muthokoi wa mbaazi, na useme kwa sauti, hata kama umeandamana na mpenzi. Ukiambiwa hakuna, kula ndengu zako, kisha kesho kutwa urudi uulize tena. Mimi kile kibanda cha nane nitarudi.