Siagi nyepesi au mafuta ya zeituni: tupikie kipi?

SHUKRANI zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tunaingia jikoni. Huenda wapo watakaoshangaa kuona ukurasa wa dini ukizungumzia mafuta ya kupikia. Lakini mwili ni amana tuliyokabidhiwa na Mola wetu, na mengi yanayouharibu hupitia katika sufuria zetu wenyewe. Baba anarudi kutoka hospitali akiwa ameambiwa kuwa lehemu imepanda katika damu yake. Mama anakwenda dukani na kusimama mbele ya rafu akijiuliza: achukue siagi nyepesi, ile iliyopunguzwa mafuta, au chupa ya mafuta ya zeituni, ambayo bei yake inatisha?

Tuanze na siagi. Siagi si haramu wala si adui. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, watoto wawili wa Busr wanasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliwatembelea, nao wakamwandalia siagi na tende, kwa kuwa alikuwa akivipenda. Basi asitokee mtu akaharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Wanachotuonya matabibu ni kiasi. Katika gramu 100 za siagi ya kawaida mna takribani gramu 80 za mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni ya aina ile inayoganda, ambayo ikizidi huongeza lehemu mbaya katika damu.

Siagi nyepesi huwa na karibu nusu tu ya mafuta hayo. Je, nafasi iliyobaki imejazwa nini? Sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana ukiitia katika kikaango cha moto huchachatika na kurukaruka. Hiyo ni siagi ya kupaka mkate; haifai kukaangia.

Hapa ndipo Muislamu anapotakiwa kufungua macho. Maji na mafuta hayakai pamoja bila ya kushikizwa. Ili kuyashikiza, watengenezaji huongeza vitu vingine, na miongoni mwake huweza kuwamo jelatini, au kile kinachoandikwa kwa alama ya E471. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na nguruwe ni mmoja wao. E471 inaweza kutokana na mimea, na inaweza kutokana na mafuta ya mnyama. Namba peke yake haikuambii ni ipi. Hatusemi kwamba kila kopo lina haramu ndani yake, la hasha. Tunachosema ni kwamba soma maandishi, tafuta alama ya halali kutoka kwa taasisi unayoiamini, na likikutatiza liache. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kujiepusha na yenye utata huwa ameilinda dini yake na heshima yake. Itakuwa hasara iliyoje mtu kukimbia maradhi ya moyo kisha akaingiza shubha tumboni mwa watoto wake!

Ama zeituni, utukufu wake unajulikana. Katika aya ya 35 ya Suratun Nur, Mwenyezi Mungu ameutaja mzeituni kuwa ni mti wenye baraka, na katika aya ya 20 ya Suratul Muuminun ametaja mti utokao katika mlima wa Sinai, wenye kutoa mafuta na kitoweo. Imamu Tirmidhi naye amepokea Hadithi ambamo Mtume (S.A.W.) anatuhimiza kuyala mafuta hayo na kujipaka.

Wataalamu wa zama zetu nao wameyachunguza. Katika gramu 100 za mafuta ya zeituni, yale ya aina inayoganda ni takribani gramu 14 tu. Huko Hispania, watu zaidi ya 7,400 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013, kisha yakapitiwa upya na kutangazwa tena mwaka 2018 baada ya kasoro za utafiti kurekebishwa. Waliokula vyakula vya asili vya eneo lile pamoja na mafuta ya zeituni yaliyokamuliwa bila kusafishwa viwandani walipatwa kwa uchache zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi, wakilinganishwa na wale walioshauriwa kupunguza mafuta. Somo tunalolipata ni kwamba kupunguza mafuta pekee hakutoshi. Tuangalie pia tunakula mafuta ya aina gani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kwa kupikia, mwenye uwezo na achague zeituni. Lakini asije mtu akadhani kwamba baraka ni ruhusa ya kumimina. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori zipatazo 120, na katika aya ya 31 ya Suratul Aaraf tumekatazwa israfu katika kula na kunywa. Wala tusidanganyike na chupa ya zeituni iliyoandikwa kuwa ni nyepesi. Wepesi huo ni wa rangi na ladha tu, mafuta ni yale yale.

Na asiye na uwezo je? Dini yetu haikuja kumtia mtu katika madeni kwa ajili ya chupa. Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Singida na Dodoma, au ya ufuta, nayo ni ya aina isiyoganda, na mahali pa samli yana heri kwa moyo. Muhimu ni kuyatumia kwa kiasi, na kuacha tabia ya kukaangia sambusa na bajia za futari mafuta yale yale siku baada ya siku hadi yakawa meusi.

Tumalizie kwa akina baba. Wapo miongoni mwetu wanaoupima ukarimu wa mke kwa samli inayoelea juu ya pilau. Mama akipunguza, hununa. Maradhi yakija, humlaumu yeye yeye. Huo si uadilifu. Mchunga wa nyumba ataulizwa juu ya alichokichunga, na sahani ya familia yake ni katika hicho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku chakula cha halali na kizuri, na azipe afya familia zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.