Bahari ikigeuka, Kivu nayo ijiandae

Mkondo wa Somalia hugeuka kila mwaka: wakati wa kusi huenda kaskazini, wakati wa kaskazi hurudi kusini, na majahazi ya Lamu na Zanzibar yameutegemea kwa karne nyingi. Mgeuko wa hatari ni ule usio na majira. Kwa kawaida pepo za ikweta husukuma maji ya joto kuelekea Indonesia. Miaka mingine hugeuka, na joto hurundikana upande wa Afrika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Mafuriko yalitapakaa Afrika Mashariki, na mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilifurika hadi kuhamisha vijiji vya mwambao.

Goma, mji wa Kivu, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, na mvua zake hulishwa pia na msitu wa Kongo. Hata hivyo, umbali huo si kinga. Mugunga, karibu na Goma, ilipokea wakimbizi kuanzia 1994, watu waliokimbia vita, si hali ya hewa. Walipiga maturubai juu ya mwamba mweusi wa lava, ambako shimo la choo halichimbiki kwa jembe. Mvua kubwa iliponyesha, uchafu ulielea na kipindupindu kilifuata. Kwenye mwambao wa Ziwa Kivu, huko Kalehe, mafuriko ya Mei 2023 yaliua zaidi ya watu 400 katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi.

Dalili za bahari huonekana miezi kadhaa kabla. Mamlaka za Kivu na METTELSAT, shirika la hali ya hewa la Kongo, ziwafikishie wananchi tahadhari hizo kwa Kiswahili, kabla ya mvua za Septemba.