TWATAKA HESABU YA MIRADI KWA LUGHA TUNAYOIJUA



Sisi watu wa reli twajua tangazo ni nini. Ubao wa stesheni wasema gari laondoka saa ngapi, laenda wapi, nauli kiasi gani. Likichelewa, abiria hutukemea usoni, na ni haki yao. Mbona huko kwetu Meru na Embu mradi wa mamilioni haupewi tangazo hata la kadiri hiyo?

Miradi si migeni huko. Katika miaka ya 1970 Mbeere ilikuwa moja ya sehemu sita za Kenya zilizochaguliwa kujaribia maendeleo ya vijijini. Ukafuata mpango wa Embu, Meru na Isiolo kwa msaada wa Uingereza, kisha mradi wa Upper Tana, wa serikali na mkopo wa IFAD. Tangu 2013 kaunti nazo zina mafungu yao. Hata mkopo hulipwa kwa kodi, na kodi yetu hukatwa kabla mshahara hatujauona.

Twendapo likizo twakuta nini? Mtaro umechimbwa, mabomba hayajaja, na kando yake kibao cha Kiingereza chenye herufi za mkato. Mama apitaye hapo na mtungi wa maji mgongoni ataelewa nini? Akiuliza, huambiwa mkutano ulifanyika. Wapi? Hotelini, mjini, tena siku ya soko!

Wakubwa husema wananchi hawajui hesabu. Uongo! Mkulima wa chai asiyeingia darasani ajua kilo zake za mwaka mzima, na bonasi ikipungua mtamsikia.

Na sheria ipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaamuru ofisi ya umma ikitia sahihi mkataba itangaze kazi yenyewe, bei, jina la mkandarasi na muda wa kumaliza. Yataka lugha ya mahali ifikiriwe. Raia aweza kuomba habari kwa Kiswahili, bila ada ya maombi. Asiyejua kuandika, afisa amwandikie. Jibu ni siku 21, na kimya huhesabiwa kuwa kukataa.

Basi kila tawi lenye watu wa huko liandike barua moja kwa kila mradi uliokwama: fedha ngapi, amepewa nani, utakwisha lini. Jibu tulibandike sokoni kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere. Katibu wa tawi atunze nakala yenye muhuri wa siku ilipopokewa, maana wakinyamaza ndiyo tutakayoipeleka mbele ya Tume ya Haki ya Utawala.