Leseni ya mashine pepe ihesabiwe kabla ya kulipa

Wapo wafanyabiashara na vyama vya ushirika ambao hesabu zao bado zimo katika programu ya zamani, isiyokubali kufanya kazi kwenye kompyuta mpya. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, suala la kubadili kompyuta limewafikia wengi zaidi.

Mafundi wanayo dawa. Ndani ya kompyuta moja wanatengeneza nyingine, isiyo na umbo, yenye Windows yake na ile programu ya hesabu. Hiyo ndiyo inayoitwa mashine pepe. Kwa njia hiyo mwenye duka haihitaji kompyuta ya pili mezani.

Dawa hiyo ni nzuri, lakini ina gharama ambayo mara nyingi haitajwi: leseni. Anayenunua Windows hanunui programu yenyewe, bali ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Masharti ya Windows 10 na Windows 11 yanasema leseni moja ni ya nakala moja katika kifaa kimoja, kiwe halisi au pepe. Kwa hiyo ile Windows iliyokuja na kompyuta haiihalalishi nakala iliyo ndani ya mashine pepe. Ni kama sokoni: ushuru hutozwa kwa kila meza, hata meza mbili zikiwa za muuzaji mmoja.

Tena masharti hayo hupangwa na muuzaji. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, matoleo yake ya nyumbani, Home Basic na Home Premium, yalikatazwa kutumika katika mashine pepe. Aliyetaka ruhusa alipaswa kupanda hadi toleo la Business au Ultimate. Nchini Marekani, Home Basic iliuzwa dola 199 na Business dola 299. Baada ya malalamiko, Januari 2008 katazo liliondolewa. Kizuizi hakikuwa cha kiufundi. Kilikuwa sentensi katika mkataba.

Hata programu inayotengeneza mashine pepe haiko salama. Broadcom iliinunua kampuni ya VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza kuacha kuuza leseni za kudumu. Wateja wakatakiwa kulipia kwa vipindi, kama mtu anayelipa kodi ya pango.

Kwa Tanzania, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Chama cha ushirika kinachotumia nakala isiyo na leseni kinaweka rehani fedha za wanachama ambao hawakuulizwa.

Hatusemi watu waache mashine pepe. Tunasema wapige hesabu kamili. Kwanza, fundi aandike katika makadirio yake ni leseni ngapi zinahitajika na bei ya kila moja. Pili, stakabadhi na namba za leseni zihifadhiwe pamoja na vitabu vya fedha. Tatu, jumla hiyo ilinganishwe na gharama ya kuhamishia hesabu kwenye programu mpya. Huenda kuhama kukawa nafuu. Kwa kazi zisizohitaji Windows, ipo mifumo ya Linux kama Debian, ambayo haidai malipo wala haihesabu nakala.

Wauzaji nao wana wajibu. Mfuko wa mbolea huandikwa uzito wake ili mkulima ajue anacholipia. Anayeuza programu naye amweleze mteja, kwa Kiswahili na kabla ya kupokea fedha, kwamba leseni hii ni ya nakala ngapi. Mteja asipoelezwa, aulize, na asilipe mpaka apate jibu kwa maandishi.